Nyumba za Honduras na Hukumu ya Safari za Misheni za Kiangazi

Kila ifikapo Juni, makanisa mengi ya Marekani, Ulaya na Korea Kusini huanza kufunga mizigo. Shule na vyuo vimefungwa, watu wazima wamechukua likizo, na vijana waliochangiwa nauli na waumini wenzao hupanda ndege kwenda nchi ambazo wengi wao hawajawahi kuzikanyaga, wakafundishe watoto Biblia, wapake rangi madarasa, wapime wagonjwa, waimbe na kushuhudia, kisha warudi makwao kabla Agosti haijaisha. Takwimu za mwaka 2005 zilizochambuliwa na mwanasosholojia Robert Wuthnow zilikadiria kwamba waumini wapatao milioni 1.6 wa Marekani husafiri hivyo nje ya nchi kila mwaka, na kwamba safari ya kawaida huwa ya siku nane tu, ukiondoa muda wa njiani. Ukizilinganisha siku hizo na maisha ya mmisionari Mwingereza William Carey, aliyefika India mwaka 1793 na kufia Serampore mwaka 1834 bila kurudi Uingereza hata mara moja, utaelewa kwa nini watu wengi makini wamezikatia tamaa safari hizi na kuziita utalii uliovikwa joho la dini.

Shutuma hiyo ina umri mrefu. Aprili 1968, padri Ivan Illich aliwahutubia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kutumika katika vijiji vya Mexico, akawaambia bila kumumunya maneno kwamba waje kutazama, waje kupanda milima, waje kujifunza, lakini wasije kusaidia. Tangu wakati huo hoja imeongezewa hesabu, na hakuna hesabu inayorudiwa kuliko ile ya nyumba za Honduras.

Kimbunga Mitch kilipoivunjavunja nchi hiyo mwaka 1998, timu za makanisa ya Amerika Kaskazini zilimiminika kujenga nyumba za waathirika. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyeishi Honduras kwa miaka mingi, alizifuatilia nyumba hizo na wenyewe. Aligundua kwamba nyumba iliyojengwa na timu ya wageni, gharama za safari zikijumlishwa, ilifikia dola 30,000 hivi, ilhali shirika la wenyeji lilijenga nyumba kwa takriban dola 2,000. Aliwahoji waliopewa nyumba, nao hawakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na Wahonduras wenzao. Alipowageukia wasafiri wenyewe, wengi walisema safari ile iliwafanya wawe watoaji zaidi. Lakini kumbukumbu za michango hazikuonyesha badiliko kubwa kama walivyodai.

Hesabu hii haikwepeki, na anayezitetea safari za kiangazi hana budi kuanzia hapo. Kama lengo ni nyumba, fedha za nyumba moja ya wageni zingejenga kumi na tano za wenyeji, na mchungaji anayewaambia waumini wake kwamba kwenda kuchanganya saruji ng'ambo ndiyo njia bora ya kuwasaidia waliopoteza makazi anawapotosha. Hata utetezi unaopendwa zaidi na wasafiri, kwamba safari moja humfanya mtu kuwa mtoaji wa kudumu, unayumba mbele ya kumbukumbu zile. Yote hayo nayakubali bila masharti.

Hata hivyo, hesabu hiyo imebebeshwa mzigo isiouweza. Inadhani kwamba kulikuwa na dola 28,000 zilizokaa mezani zikisubiri kuamuliwa, ziende kwenye tiketi za ndege au kwenye matofali. Fedha za safari za misheni hazipatikani hivyo. Hutolewa na shangazi, jirani, mwalimu wa Shule ya Jumapili na mzee wa kanisa kwa sababu wanamjua binti anayesafiri na wanataka aende; binti asipokwenda, sehemu kubwa ya fedha hizo hubaki mifukoni mwa wenyewe. Mtu anaweza kujibu kwamba hapo ndipo penye aibu, kwa kuwa Mkristo angepaswa kumpa Mhonduras asiyemfahamu kwa moyo uleule anaompa mpwa wake. Jibu hilo ni la haki. Ila linawahukumu waliobaki nyumbani kwa uzito kuliko waliosafiri, na kufuta safari hakutaifungua mikono iliyofumbwa.

Kuna pia sehemu ya matokeo ambayo wanaoyanukuu huipita haraka. Ikiwa waliopewa nyumba hawakuona tofauti, basi jengo silo mahali pa kutafutia faida wala hasara ya ujio wa wageni. Wanaozitangaza safari kwa kuhesabu kuta zilizojengwa, na wanaozipinga kwa kuhesabu bei ya kuta hizohizo, wanatumia mizani moja, nayo ni mizani ya mkandarasi. Safari ya kanisa kwenda kwa kanisa jingine inafaa kupimwa kama ugeni, yaani kwa kuuliza kama waumini wa pande mbili walionana, wakasali pamoja, na wakaachana wakiwa wanafahamiana kwa majina.

Agano Jipya lina mfano wa upotevu wa nauli ambao wachumi wa misheni hawaugusi. Paulo alikusanya mchango katika makanisa ya mataifa, yaani ya wasio Wayahudi, kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na kuufikisha kulihitaji mjumbe mmoja mwaminifu, labda wawili. Lakini Matendo ya Mitume 20 inawataja watu saba waliofuatana naye: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, tena Tikiko na Trofimo wa Asia. Wafafanuzi wengi huwaona hao kuwa wajumbe wa mchango ule. Watu saba wa kulishwa na kulazwa njia nzima, kwa nchi kavu na kwa bahari, wakati makanisa ya Makedonia yaliyotoa sehemu ya fedha hizo yalikuwa, kwa maneno ya Paulo mwenyewe, katika umaskini mkubwa! Paulo hakuwa mpumbavu wa mahesabu. Alijua kwamba mchango ungeweza kukataliwa, ndiyo maana katika Warumi 15 anaomba aombewe ili huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu. Waumini wa Kiyahudi walipaswa kuwaona Wamataifa uso kwa uso na kuketi nao, na hilo lisingeletwa na mfuko wa fedha peke yake.

Jambo hilohilo tunalikubali bila ubishi linapotokea Ulaya. Katika kijiji cha Taizé, Ufaransa, ambako Ndugu Roger alianza jumuiya yake mwaka 1940, maelfu ya vijana kutoka nchi nyingi hukusanyika wiki baada ya wiki wakati wa kiangazi. Huimba, hukaa kimya, hujadili Maandiko, hupika na kuosha vyombo pamoja, kisha huondoka. Sijasikia mtu akiuliza kila kijana wa Taizé amejenga kuta ngapi kwa nauli yake. Swali hilo linaibuka pale kijana anapokwenda kusini, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba Mkristo wa kusini anatembelewa ili apewe kitu.

Wapinzani wanaye shahidi mwingine mzito zaidi ya Ver Beek. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitaka wamisionari wa kigeni waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa yaliyoanzishwa nao yajitambue na kusimama yenyewe. Mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliliunga mkono wazo la usitishaji, na mwaka huohuo hata Agano la Lausanne la Wakristo wa kiinjili lilikiri kwamba kupunguza wamisionari na fedha za kigeni kunaweza kuhitajika katika nchi iliyokwisha kuhubiriwa. Jina la Gatu sasa hutajwa dhidi ya vijana wa siku nane, na kwa maoni yangu hapo linapelekwa kusikokuwa kwake. Kilichomkera Gatu ni utawala: watu na fedha za nje zilizoamua kanisa la Afrika liwe nini. Kijana anayeondoka Jumamosi hashiki daftari la bajeti wala hamteui askofu.

Lakini usharika uliomtuma unaweza kushika vyote viwili kwa mbali, na hapo wapinzani wananipata. Mchungaji mwenyeji husimamisha ratiba yake, hutafuta wakalimani, magari na mahali pa kulala, hupokea timu ya tatu mfululizo katika mwezi ambao haumfai, na hawezi kusema hapana kwa kuwa wageni ndio waliolipia paa la chuo cha Biblia. Ugeni usiokatalika umekwisha kuwa amri.

Kuna safari ambazo hazina utetezi kabisa. Kuzuru vituo vya yatima ili kucheza na watoto kwa juma moja kumechochea biashara ya kuwajaza humo watoto wenye wazazi hai, na mtoto anayezoeshwa kumpenda mgeni mpya kila baada ya siku saba anaumizwa. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi wa Marekani walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika, na ikabainika kwamba wengi wao walikuwa na wazazi. Julai 2007, Taliban waliwateka Wakorea 23 wa kanisa moja waliokuwa safarini Afghanistan. Wawili waliuawa kabla wengine hawajaachiliwa, na Korea Kusini ikakubali kukomesha kazi ya umisionari nchini humo. Nia njema ya wahusika haiwaondolei wakuu wa makanisa wajibu wa kuzizuia safari za namna hiyo.

Safari zilizobaki nazitetea, kwa sharti kwamba mwenyeji awe na neno la kwanza kuhusu tarehe, idadi ya wageni na kazi, na kwamba kazi ya fundi wa hapo aachiwe fundi wa hapo kwa ujira wake. Sharti jingine ni gumu zaidi: usharika wenye uwezo wa kutumia dola 30,000 kwenda utenge sehemu ya fedha hizo kwa nauli na ada za viza za wenyeji, ili nao waje kuhubiri na kukosoa, maana mara nyingi mwaliko wa upande wa pili huishia kwenye dirisha la ubalozi. Na wenyeji wakisema kwamba mwaka huu wageni wasije, timu ibaki nyumbani, na fedha za paa zitumwe kwa tarehe ileile iliyoahidiwa.