Kipupwe Kimefika, Niacheni na Blanketi Langu

Mwaka una misimu yake, lakini mkazi wa Dar es Salaam asiye na kiyoyozi anao mmoja tu wa kujivunia, nao ni kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma, masika huwa yameshakwenda zake pamoja na matope yake, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20, jambo ambalo kwa mtu aliyelala Februari nzima akijipepea kwa kipande cha boksi ni sawa na kupandishwa mshahara. Pangaboi hupumzishwa. Umeme wa LUKU, ambao wakati wa kiangazi huisha huku ujumbe wa kuununua ungali juu kabisa kwenye simu, huanza kukaa hadi mtu akasahau namba ya mita. Na ipo raha nyingine ambayo wenzangu hawaitaji, sijui kwa aibu gani: shati linapanda daladala likiwa kavu na linashuka likiwa kavu.

Tatizo ni kwamba raha hii hairuhusiwi kufurahiwa kimya kimya, kwa sababu ni msimu huu huu ambao shemeji yangu hushuka kutoka Makete kuja kutembea kwenye maonyesho ya Sabasaba. Makete iko Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi Juni na Julai watu huweza kuamka wakakuta umande umeganda juu ya majani, kwa hiyo mgeni wangu hukaa sebuleni akiwa na singlendi, madirisha yote ameyafungua, huku mimi mwenye nyumba nimejikunyata ndani ya sweta la mtumba lililochorwa mnyama mwenye pembe za matawi ambaye hakuna hata mmoja katika ukoo wetu anayemfahamu. Ananitazama kwa huruma ya kweli.

“Shemeji,” ananiuliza, “umeshapima malaria?”

Safari hii alikuja na hoja mpya, tena ya kisayansi. Alichukua chungwa kutoka kwenye sinia, chungwa la Muheza, tamu, limejaa maji, akalizungushazungusha mbele ya macho yangu na kunitaka nitaje rangi yake. Nikasema ni kijani. Akanieleza, kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo kwa ajili ya mtoto mmoja, kwamba ganda la chungwa huacha ukijani wake pale tu linapopata usiku wenye baridi ya kutosha, na kwamba machungwa ya huku pwani huiva ndani huku nje yakibaki mabichi kwa macho kwa kuwa baridi hiyo hayajawahi kukutana nayo. “Sasa, shemeji, kama chungwa linalolala nje usiku kucha halijaisikia baridi, wewe unayelala chini ya bati, blanketi na neti umeisikilia wapi?”

Nakiri hoja ilikuwa nzito, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa ya kweli. Nilinyanyuka bila kujibu, nikaenda chumbani na kurudi na chupa ya mafuta ya nazi ya dada yake. Nikaipindua mdomo chini juu ya kiganja changu. Hapakudondoka hata tone. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pee, yameng’ang’ania kitako cha chupa, na katikati yake kilikuwepo kishimo chembamba ambacho mwenye mali hukichimba kila asubuhi kwa mpini wa kitana. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hayana sababu yoyote ya kunipendelea mimi. Shemeji aliigonga chupa kwa ukucha, akaisogeza kwenye mwanga, akaipima kwa mkono, kisha akatoa hukumu kwamba mafuta yenyewe yamechakachuliwa.

“Baba Neema,” ikasikika sauti kutoka jikoni, “chupa hiyo irudi ilikotoka.”

Jikoni, kwa taarifa yenu, ndiko ulipo mgogoro mwingine wa kipupwe. Maji ya kuoga hupashwa kwenye sufuria moja, na kwa utaratibu ambao sikushirikishwa kuuandaa, wanaoga kwanza watoto, halafu mama yao, halafu mgeni, ambaye huko kwao anajisifu kuoga maji ya mtoni alfajiri lakini hapa kwangu hajapata kuyakataa ya moto. Zamu yangu inapofika, gesi inatakiwa ibanwe kwa ajili ya maharage.

Ndipo huwa natoka kwenda kijiweni, na huko sina malalamiko makubwa. Pembeni kuna anayechoma mahindi mabichi ya masika, akikuchagulia lenye meno laini na kulipaka ndimu yenye chumvi na pilipili hadi midomo iwashe. Kahawa inamiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono, na kashata ipo kwa asiyeuweza uchungu wake. Utamu wenyewe uko kwenye mazungumzo. Ligi imekwisha, mpya haijaanza, na hadi zifike sherehe za Agosti za Simba na Yanga hakuna timu inayoweza kufungwa, kwa hiyo watu wazima wenye familia hukaa wakigawana wachezaji wa Afrika nzima. Juzi fundi cherehani mmoja alimsajili mshambuliaji, akamuuza kwa faida na kumrudisha kwa mkopo kabla kahawa yake haijapoa, na hakuna aliyemwuliza fedha zimetoka wapi. Ninachokereka nacho ni kwamba mjadala ukinoga, lazima atokee mtu wa kudai hela ya kahawa.

Ikifika Septemba shemeji atakuwa ameshapanda basi na kurudi kwenye umande wake, mafuta ya nazi yatakuwa yameyeyuka, na joto litaanza kurudi. Baada ya hapo tegemeo langu ni embe dodo za Novemba na Desemba. Mwembe ni wa jirani, lakini tawi lake moja limevuka ukuta na kuingia upande wangu, nami tangu sasa nimeanza kumwamkia “shikamoo” ingawa tulizaliwa mwaka mmoja.