Ferrari 250 GTO: Enzo aliwadanganya FIA kwa namba za chasisi?

Kuna hii hoja inarudiwa sana, kwamba Enzo Ferrari, mwenye kampuni, aliruka makusudi namba za chasisi (namba ya kila gari) za gari lake la mbio 250 GTO ili FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, waamini ametengeneza gari 100 zilizotakiwa ili lipate kibali cha kukimbia daraja la GT, wakati ukweli zilitoka 36 tu, 1962 mpaka 1964. Nusu ya hiyo hoja nakubali, nusu naikataa kabisa.

Ninayoikataa ni ya namba. Kiwandani kwa Ferrari, Maranello, enzi hizo gari za barabarani zilipewa namba witiri na za mashindano namba shufwa, GTO ikawekwa kwenye witiri, na huo mstari wa witiri haukuwa wa GTO peke yake, modeli zingine za witiri nazo zilichangia, kwa hiyo GTO ya kwanza ni 3223 GT na ya pili 3387 GT na hapo katikati zimepita Ferrari zingine kibao kama 250 GTE za siti nne. Mtu akiona pengo anasema wizi, kumbe ndivyo namba zilivyogawiwa siku zote. Ukitaka kujua zimetoka ngapi hesabu gari, usitoe namba ya kwanza kwenye ya mwisho.

Ila kwenye makaratasi Enzo alivuta kamba kweli. GTO iliandikishwa kama mwendelezo wa 250 GT SWB, Ferrari ya kabla yake ambayo tayari ilikuwa na kibali cha FIA, sasa angalia chuma chenyewe: gia tano badala ya nne, oili inakaa kwenye tangi lake badala ya chini ya injini, bodi mpya iliyogongwa kwa Scaglietti kule Modena. Mwendelezo gani huo?

Wanaomtetea wanasema sheria iliruhusu kubadili bodi na wengine walifanya hivyo hivyo, Jaguar alitoa E-Type nyepesi 12 tu, Shelby wa Marekani akatoa Daytona 6 kwa kibali cha gari lake la awali, Cobra. Ni kweli.

Lakini mimi naangalia zaidi 250 LM, Ferrari iliyokuja baada ya GTO. Injini ilihamia nyuma ya dereva, FIA wakagoma kuipa kibali cha GT, Enzo akakasirika mpaka mwisho wa 1964 gari zake za Formula 1 zikakimbia na rangi nyeupe na bluu za timu ya Marekani. Kumbe neno "hapana" FIA walikuwa wanaweza kulisema, ila kwenye GTO hawakulisema, ndo maana kumtupia Enzo peke yake lawama zote naona si haki.