Mtaala mpya, mtihani uleule

Kila baada ya miaka kadhaa chuo kinatangaza mtaala mpya, vikao vinakaliwa, wataalamu wanaitwa, inaandikwa kwamba mwanafunzi akimaliza kozi hii ataweza kuchambua, kubuni na kutathmini, alafu mwisho wa semista mwanafunzi huyohuyo anaingia chumba cha mtihani anakutana na "taja sifa tano za...". Anazitaja. Anapata A yake. Mkute mwezi mmoja baadae umuulize hata mbili, anakucheka, na wala sio kwamba hana akili, hakuna mtu aliyewahi kumuomba azikumbuke baada ya siku ile.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: kwa mwanachuo, mtaala halisi ni mtihani. Hayo mengine ni karatasi za ofisini. Akijua maswali yanatoka kwenye slaidi atasoma slaidi, akijua yanajirudia atatafuta mitihani ya nyuma. Kuna kozi moja niliisoma, mhadhiri alikuwa anafundisha vizuri sana, mijadala, mifano hai, mpaka unasahau muda, ila maswali yake yalikuwa yaleyale miaka nenda rudi, basi waliohudhuria kila kipindi na waliokesha na desa, yaani muhtasari wa kupitishana, la kurasa nane usiku wa mwisho wote walikutana kwenye B+. Mi nilikuwa kundi la desa, kwa hiyo naongea kama mhusika.

Na hili halijagunduliwa jana. Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake walishapanga ngazi za kujifunza mwaka 1956, kuanzia kukumbuka na kuelewa mpaka kufanya tathmini, na 1996 mtaalamu wa elimu John Biggs akaeleza kwamba malengo ya kozi, kinachofanyika darasani na upimaji lazima vivute upande mmoja la sivyo mwanafunzi atafuata upimaji. Vyuo vingi vilichukua vitenzi vya ngazi hizo za Bloom, kama kuchambua na kutathmini, wakavipanga vizuri kwenye mtaala, mtihani wakauacha ulipokuwa, ngazi ya kwanza.

Sasa ukishasema hivyo wapo wanaoruka moja kwa moja: basi tufute mtihani, tuweke asaimenti na projekti. Hapo ndo tunaachana.

Mtihani wa ukumbini una utetezi wake na sio mdogo. Wote mna swali moja, muda uleule, hakuna wa kumpigia simu kaka yake anayejua, na karatasi ikisahihishwa kwa namba msahihishaji hajui kama huyu ndo yule anayembishia darasani. Alafu kujipima kwenyewe kunafundisha. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kitu cha ajabu kidogo: waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi ukiwauliza baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuandika wanachokumbuka ndo waliokuwa mbele. Kwa hiyo testi ndogondogo sio adui hata kidogo, shida ni ule mmoja mkubwa wa mwisho ambao unaufanya, unapewa maksi, na hujui mpaka leo ulikosea wapi. Na tuseme ukweli, kuna vitu lazima viwe kichwani, nesi anayekokotoa dozi hawezi kumwambia mgonjwa subiri nigugo.

Upande wa pili nao wana hoja. Ni kazi gani duniani unafungiwa saa tatu bila kitabu, bila kuuliza mtu, unaandika kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi? Projekti inakaribia zaidi kazi halisi, unakosea, unarekebisha, unarudia. Ila nani amesahau kazi za grupu, majina sita juu ya karatasi na aliyefanya ni mmoja, wengine walichangia picha ya jalada.

Alafu Novemba 2022 ChatGPT, programu ya akili mnemba inayokuandikia unachoiomba, ikaingia na asaimenti ya kuandikia nyumbani ikapoteza maana yake kwa kiasi kikubwa. Vyuo vikakimbilia programu za kugundua maandishi ya akili mnemba na huko nako kumejaa matatizo. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitengeneza ya kugundua ya kwao wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha, na mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwenye insha za watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zikahukumiwa kuwa za mashine wakati ziliandikwa na binadamu. Yaani mwanafunzi anayeandika kwa uangalifu, sentensi fupi fupi asije akakosea grama, ndo anaitwa mwizi.

Ndo maana wengi sasa wanasema turudi ukumbini. Nawaelewa, ila hiyo inazuia kuibia tu. Swali la "taja sifa tano" likisimamiwa na walinzi kumi linabaki swali la kutaja sifa tano.

Mimi naona kuna njia ambayo inadharauliwa kwa kisingizio cha muda: mwanafunzi afanye kazi yake nyumbani hata kwa msaada wa mashine, alafu aitwe aitetee kwa mdomo, dakika kumi. Kwa nini ulichagua njia hii, ukibadilisha namba hii nini kinatokea. Piga hesabu, wanafunzi 300 mara dakika kumi ni saa 50. Inatisha. Lakini karatasi 300 za mtihani, kila moja robo saa, ni saa 75, mbona hizo hatuziogopi? Jibu la wahadhiri ninaowasikia ni la haki kabisa, karatasi naisahihisha usiku nyumbani kwangu, mwanafunzi lazima tukutane. Na kazi yenyewe bado inabidi uisome kabla. Na ukiwa peke yako nani atathibitisha hukumpendelea, kwa hiyo muwe wawili, saa 50 za kazi zinageuka 100. Alafu wapo wanafunzi wanaojua vizuri ila wakiangaliwa usoni wanapotea.

Kwa hiyo madarasa makubwa siwezi kusema wote waitwe. Waitwe mmoja kati ya watano kwa bahati nasibu, hao ni 60, saa kumi, na kwa kuwa hakuna anayejua ataitwa nani wote watajiandaa. Kuna atakayesema sio haki mwenzangu hakuitwa. Ni kweli, ndo maana kazi ya utetezi iwe kuthibitisha tu kwamba kazi ni yako, isiongeze wala kupunguza maksi za uzuri wa kuongea.

Ufundishaji nao siurushi kapuni. Uchambuzi wa tafiti 225 uliotoka 2014 kwenye masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu ulikuta waliofundishwa kwa mihadhara mitupu wanafeli karibu asilimia 34, wanaoshirikishwa darasani karibu 22. Tofauti kubwa hiyo. Sasa mbona mihadhara haifi? Harvard mwaka 2019 waligundua wanafunzi wa fizikia walioshirikishwa walifunga maksi zaidi lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mtamu. Sasa mpe huyo mwanafunzi fomu ya kumtathmini mwalimu uone. Mhadhiri anayekutoa jasho anapewa nyota mbili, anayekusimulia anapewa tano. Na kupanda cheo mara nyingi anapanda kwa machapisho. Mhadhiri naye ana mtihani wake na ameshausoma, tusimlaumu kwa kufuata mwongozo wa usahihishaji alioukuta, ni kilekile mwanafunzi anachofanya na desa.

Ningepewa idara moja kesho, kikao cha mtaala ningekiahirisha. Ningechukua karatasi ya mtihani ya mwaka jana, nikakaa na walimu wa kozi mchana mmoja, tukaandika pembeni ya kila swali kitenzi linachodai kweli: taja, eleza, tumia, linganisha, buni. Alafu tuhesabu "taja" ziko ngapi, ndo tuongee.