Umefuta aplikesheni, lakini namba zetu bado wanazo

Kila mtu akilalamikia mikopo ya mtandaoni anapewa ushauri uleule: lipa deni, futa aplikesheni, usirudi tena. Naomba tuache kuwapa watu matumaini ya uongo.

Mama yangu mdogo anatumia kitochi, simu ya kupiga, kupokea na kutumiwa hela basi. Wiki iliyopita aliniita nimsomee meseji iliyomnyima usingizi: "Umeandikishwa kuwa mdhamini wa ndugu yako. Amekimbia na fedha za kampuni. Mwambie alipe kabla ya saa 10 jioni, la sivyo jina lako linapelekwa polisi." Huyo "ndugu" ni binti wa jirani yetu, mama lishe pale sokoni. Alikopa mwaka jana mtoto wake alipolazwa, akalipa na riba yote, meseji ya muamala anayo mpaka leo, na aplikesheni akaifuta siku hiyohiyo. Sasa wameibuka na faini ya kuchelewa, wanamdai kupitia watu waliokuwa kwenye simu yake. Mama mdogo hakusaini popote. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hawa namba yangu wameitoa wapi?"

Wameitoa kwenye kitufe cha "Ruhusu". Binti alipojisajili, aplikesheni iliomba kusoma majina yote ya kwenye simu, meseji zake na mahali alipo, ikachukua picha ya uso wake na namba ya NIDA. Mtu mwenye mgonjwa wodini habishani na kitufe. Orodha nzima ikaenda kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta yao ya kuhifadhia taarifa. Alipokuja kufuta, kilichoondoka ni kile kilichokuwa kwenye simu yake, huku kwenye seva hakuna kilichoguswa.

Aliyekopa walau ana pa kuanzia. Anaweza kuomba akaunti yake ifutwe kabla hajaiondoa aplikesheni. Tangu Juni 2022 Apple inazitaka aplikesheni zinazofungua akaunti ziweke sehemu ya kuifuta humohumo ndani, na Google Play nayo ikafuata na masharti yake. Sasa mama mdogo afute akaunti ipi? Hajawahi kujisajili, na simu yake haiwezi hata kuipakua hiyo aplikesheni. Fundi cherehani wa binti yule, mwalimu wake wa zamani, mjumbe wa mtaa, shangazi yake wa Kigoma, wote wamo kwenye kumbukumbu za mkopeshaji wasiyemjua, na hakuna aliyewawekea njia ya kutoka. Hili ndilo linaloniumiza kuliko riba, na riba zenyewe tunazijua zinavyokausha damu. Ruhusa ilitolewa na mtu mmoja aliyebanwa na shida, wakachukuliwa watu wote anaowafahamu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hapa Tanzania, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mhusika wa taarifa, awe mteja au asiwe. Basi haki hiyo imfikie mwenye kitochi. Leo ukibonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Nataka huduma kama hiyo imwambie mtu ni mkopeshaji gani ana namba yake, na impe nafasi ya kudai ifutwe bila kuwa na barua pepe wala bando.

Nakubali kwamba mkopeshaji halali lazima atunze kumbukumbu za mkopo: nani alikopa, kiasi gani, alilipa lini. Namba ya shangazi wa Kigoma haimo kwenye kumbukumbu hizo.

Ni kweli pia kwamba tangu mwisho wa Mei 2023 Google Play inazikataza aplikesheni za mikopo kusoma majina na picha za kwenye simu. Katazo hilo halirudishi yaliyokwisha kuchukuliwa, na halizihusu zile zinazosambazwa kwa linki za WhatsApp.

Kenya wameonyesha kwamba inawezekana kuwabana. Septemba 2023 Kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa mambo ya aina hii hii. Huku kwetu Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Niliishukuru. Lakini kumzuia mtu asikopeshe ni jambo moja, kumnyang'anya taarifa alizokwisha kukusanya ni jingine. Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zituambie taarifa zilizokusanywa na hao 69 sasa ziko mikononi mwa nani, na nani amethibitisha kwamba zimefutwa.

Ukipokea meseji kama ya mama mdogo, usiifute. Andika tarehe, saa na namba iliyoituma, piga picha kioo cha simu, upeleke malalamiko kwenye Tume hata kama hujawahi kukopa senti.