Usiing'oe nguzo ya mninga kwa sababu ya mguu wake

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mji ukakua nayo, na hadi leo zipo nyumba za zamani ambazo sura yake yote ni kibaraza cha mbele. Naumia nikikuta nguzo zake za mbao zimeng'olewa na kusimikwa za zege, eti mbao imeoza. Mara nyingi kilichooza ni kipande kifupi cha chini tu, pale ilipogusana na sakafu.

Kabla ya kumwita fundi, shika bisibisi uichome nguzo kuanzia chini ukipanda. Chini ncha itazama kama kwenye keki. Panda kidogo, itagoma kabisa. Hapo ilipogoma ndipo pa kukata. Seremala anayeijua kazi yake ataunga mguu mpya kwa kupunguza kila kipande nusu unene, avilaze pamoja na kuvifunga kwa bolti. Sehemu ya juu iacheni. Ule ni mti mkomavu, na kuupata wa namna hiyo leo ni shida.

Mguu mpya uwe wa mninga au mkora, na uwe wa kiini. Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Ubao wa mninga una sehemu ya kahawia yenye wekundu na sehemu nyeupe ya pembeni. Ile ya kahawia ndiyo kiini, na mchwa huishindwa. Nyeupe wadudu huigeuza unga. Muuzaji akikwambia "yote ni mninga, mzee", hajadanganya, lakini wewe geuza ubao uangalie pande zote nne. Na uwe mkavu. Sifa kubwa ya mninga ni kwamba haujikunji sana, ila hata wenyewe ukifungwa mbichi, kiangazi cha kwetu kitaufungua maungio.

Bei ni kali, najua. Ndiyo maana sishauri mninga kila mahali. Kenchi na papi, yaani mbao za kubeba paa, ambazo mvua haizifikii, msindano uliotiwa dawa unatosha. Mninga wekeni miguuni, kwenye reli za mikono na ngazi. Na mnunue kwa muuzaji mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mti huu hukua polepole mno, na misitu yetu ya miombo imeshakatwa vya kutosha.

Hata mbao bora itaoza ikisimama kwenye maji. Nguzo isikae juu ya saruji moja kwa moja: iinueni kwa kiatu cha chuma, ubaki upenyo wa hewa chini yake. Sakafu iinamie nje, ili mvua za Novemba hadi Aprili zisituame. Ule mwisho uliokatwa ndio unaonyonya maji kuliko upande mwingine wowote, kwa hiyo upakwe dawa au rangi mara mbili tatu kabla nguzo haijasimamishwa, maana baadaye hakuna brashi itakayofika pale. Oili chafu siipendi kwenye kibaraza. Inachafua nguo za wanaoegemea, na rangi haishiki tena juu yake.