Batoto banahesabiwaka?

Mwaliko wa aniversere ya mtoto hapa Brussels huingia nyumbani ndani ya mkoba wa shule. Ni kikaratasi cha rangi chenye jina la anayetimiza miaka, anwani, saa ya kuanza na saa ya kuisha: Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Chini yake kuna namba ya simu na ombi la kujibu kabla ya Jumatano. Ukimpeleka mtoto pamoja na mdogo wake kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwangalia, mwenyeji atamkaribisha vizuri sana, huku macho yake yanahesabu vikombe.

Saa ya kuisha! Kwetu Lubumbashi, Kongo, feti (sherehe) haiishi, inachoka. Tena kuhesabu watoto ni jambo ambalo kambo (babu au bibi) yeyote wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo atalishangaa waziwazi: "Sasa batoto banahesabiwaka?" Na hatanii. Bado wapo wazee wasiotaka hata kidole kinyooshwe mbele ya watoto na mtu kusema mmoja, wawili, watatu, kwa kuwa wanaona ni kuwaita mkosi.

Najua lililo mdomoni mwenu, ndugu zangu wa nyumbani. "Weye sasa ulisha kuwa muzungu." Haya, niwe. Ila sikitetei kikaratasi, angalau si chote.

Watu wa huku wana sababu zao za kuhesabu. Ukikodi ukumbi wa michezo ya watoto unalipa kwa kichwa, na mara nyingi kuna idadi ya chini unayolipia hata wasipotimia. Ukifanyia nyumbani, ni ghorofani, na jirani wa chini anasikia kila mruko. Halafu kuna mambo ya chakula. Sheria ya Ulaya inataja vitu 14 vinavyoweza kumdhuru mtu mwenye mzio, karanga zikiwemo, na mzazi anayeuliza habari hizo mapema si msumbufu. Shule nazo nyingi hazitaki keki ya krimu darasani, zinataka keki kavu. Ndiyo maana wazazi wote wa huku wanaijua keki ya mtindi, isiyohitaji mizani kwa kuwa kikopo cha mtindi cha gramu 125 ndicho kipimo: kikopo kimoja cha mtindi, viwili vya sukari, vitatu vya unga, nusu kikopo cha mafuta, mayai matatu, na pakiti moja ya baking powder. Oveni nyuzi 180, dakika 35 hivi. Ukikoroga sana baada ya kutia unga inakuwa ngumu. Kwa darasa la watoto 24, oka mbili.

Sasa chukua keki hiyohiyo, uipeleke Lubumbashi mwezi wa saba, siku ambayo umeme umeondoka tangu alfajiri. Hapo ndipo naringa, na sioni haya. Tantini (shangazi au mama mdogo) hana haja ya oveni. Anachukua sufuria nzito, anatandaza mchanga mkavu kama sentimita tatu, anaipasha moto juu ya mbabula (jiko la makaa), anaweka chombo cha keki juu ya mchanga, anafunika kwa bati na kupanga makala, yaani makaa, juu ya bati. Siri ni kwamba makala ya juu yazidi ya chini. Ukifanya kinyume, chini inaungua na katikati inabaki uji. Na asifunue mtu kabla ya nusu saa, kwa sababu hewa baridi ikiingia mapema keki inazama. Niletee fundi wa keki wa Brussels afanye hivyo, tena na watoto kumi wakimsukuma mgongoni.

Na hao kumi ni wa uani tu. Feti ya mtoto kwetu unaita 20, wanakuja 60, kwa hiyo anayejua kazi hapangi kwa orodha, anapanga kwa vipande. Sinia la keki la sentimita 30 kwa 40, ukikata miraba ya tano kwa tano, linatoa vipande 48. Kasia (kreti) ya sukre, yaani soda, ya chupa 24 za sentilita 30, ukimimina nusu chupa kwa kila mtoto, nayo inatoa 48. Mchele hesabu kilo moja kwa watoto kumi au kumi na wawili. Kinachoharibika mara nyingi si uchache wa chakula. Ni kuwapa watoto chupa nzima: wanakunywa robo, wanaiacha chini ya kiti, na saa kumi kasia imekwisha wakati sakafu imejaa sukre. Mimina vikombe. Mtoto wa jirani asiyealikwa atapata sahani yake, na hakuna atakayemuuliza mama yake yuko wapi. Hapo Brussels haitufikii, hata ingefanyaje.

Basi kwenye feti tusihesabu. Mngeniacha niishie hapo tungepatana.

Lakini mtoto kabla ya kufika kwenye feti anasafiri, na njiani nahesabu, mkasirike msikasirike. Kwenye ndege mtoto asiyefika miaka miwili hukaa mapajani, na nauli yake kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa mmoja tu mapajani. Akitimiza miwili mkiwa Lubumbashi, kurudi anatakiwa kiti chake, na wengi wanaligundua hilo kaunta ya uwanja wa ndege wa Luano, mahali pabaya kabisa pa kununua kiti. Kitanda kidogo kinachofungwa ukutani kiombwe siku ya kununua tiketi. Kinabeba mtoto wa kilo kumi hivi, na ndege ikitikisika anatolewa, hata kama ndiyo kwanza amelala.

Karatasi nazo zinahesabu. Katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Kwa hiyo mtoto mwenye paspoti ya Ubelgiji anaomba viza ili akapakatwe na kambo yake. Inauma, ndiyo, lakini kulia mbele ya dirisha la ubalozi hakuongezi kitu. Kile kitambulisho cha watoto wa chini ya miaka 12 wanachopewa hapa ni cha kuzunguka Ulaya, hakimfikishi Lubumbashi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa kuanzia miezi tisa, na kinahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Kuna mtego hapo: chanjo hiyo na ile ya surua zote ni za virusi hai, na zisipotolewa siku moja, kawaida ni kuachanisha wiki nne. Anayekumbuka sindano wiki mbili kabla ya safari huenda akakuta kalenda imemfungia mlango.

Malaria ndiyo inayonichosha zaidi. "Sisi tulikunywa dawa gani? Si tulikomaa?" Ninyi mlikomaa kwa sababu mlizaliwa nayo na mkaumwa nayo. Mtoto aliyezaliwa Brussels hana kinga hiyo hata tone, jina lake liwe Ilunga au Mwamba. Dawa ya kinga hupimwa kwa uzito: vidonge vya watoto vya atovakoni na proguanili ni kimoja kwa siku kwa kilo 11 hadi 20, viwili kwa 21 hadi 30, vitatu kwa 31 hadi 40, na daktari ndiye anayeviandika. Unaanza siku moja kabla ya kufika, unavitoa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, unaendelea siku saba baada ya kurudi. Siku hizo saba za mwisho ndizo zinazorukwa, kwani watu wanadhani mbu amebaki nyuma ya mlango wa ndege.

Na msipakie kaptula tupu. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa saba unauma. Mtoto wa Ulaya anatetemeka Afrika, na kambo anacheka. Afadhali saa zetu na za Brussels ni sawa wakati huo, usingizi wake hauharibiki.

Kuhusu karanga, mtoto mwenye mzio ana kazi kwetu, maana lengalenga yetu bila karanga ni ya nani? Kumwambia mpishi "usimwekee" hakutoshi. Kinu kile kile kimetwanga karanga asubuhi, mwiko ule ule umekoroga sufuria zote mbili. Apikiwe chake, kwa sufuria yake, kabla ya vingine.

Nimeacha gari kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo huwa tunagombana. Ubelgiji, mtoto asiyefika mita 1.35 anakaa kwenye kiti chake. Kwetu anakaa mapajani mwa yomba (mjomba), mbele, na yomba anasema amemshika. Mikono ya yomba haitoshi. Gari likisimama ghafla kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo kumi hashikiki na mtu yeyote. "Sisi wote tulipanda hivyo na tuko hai." Walio hai ndio wanaosema hivyo. Ukileta kiti, leta kinachofungwa kwa mkanda wa gari, si kile cha kushikiza tu kwenye vyuma vilivyojengwa ndani ya viti vya gari (Isofix), kwa sababu taksi nyingi ni Toyota za zamani zisizo na vyuma hivyo. Mkanda wa nyuma mara nyingi umefukiwa chini ya kitambaa cha viti, mwombe dereva muufukue kabla ya kupatana bei. Mtoto aliyefika sentimita 125 anaweza kutumia kile kidogo kisicho na mgongo, mradi mkanda upite begani, usimkate shingo.

Kiti hicho kidogo kinaingia ndani ya sanduku. Na watoto hatuhesabu, lakini masanduku tunayahesabu kabla hayajashuka garini, tunayajua kwa kilo na kwa mwenyewe wa kila kilo. Kwa hiyo atakayeuliza mwezi wa saba viatu namba 43 alivyoniagiza viko wapi, ajue: nafasi yake imechukuliwa, na sitaomba radhi.