Asilimia 60 ya kidonge kitupu

Muuza vidonge vya glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya maumivu ya viungo, hakosi ushuhuda: mama fulani alikuwa hainuki kitini bila kushikwa mkono, akamaliza kopo, sasa anapanda ngazi mwenyewe. Siuiti uongo. Naamini mama huyo amepata nafuu kweli. Ninachobisha ni kidonge kupewa sifa yote.

Mwaka 2006, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa GAIT, uliogharamiwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani. Wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa makundi matano: wa glukosamini, wa kondroitini ambayo ni kirutubisho kingine cha viungo, wa zote mbili, wa celecoxib ambayo ni dawa ya maumivu, na wa kidonge kitupu kisicho na dawa. Baada ya wiki 24 ikaangaliwa nani maumivu yake yamepungua kwa angalau asilimia 20. Waliomeza zote mbili: asilimia 66.6. Celecoxib: 70.1. Kidonge kitupu je? 60.1!

Sita katika kila kumi, bila dawa yoyote. Maumivu ya goti hupanda na kushuka. Mtu hukimbilia duka la dawa siku yamepanda, na yakishuka kama kawaida yake, kopo ndilo linalosifiwa. Ongeza na matumaini ya aliyekwisha kutoa hela yake. Kwa hesabu hiyo, hata ukifunga unga wa muhogo kwenye vidonge utakusanya shuhuda za kujaza ukumbi, na zote za kweli.

Wauzaji wajanja hutaja kundi la wenye maumivu ya wastani hadi makali, ambako asilimia 79.2 ya waliotumia zote mbili walipata nafuu, dhidi ya 54.3 ya kidonge kitupu. Takwimu ni sahihi. Ila kundi lenyewe lilikuwa la watu 354, nao wamegawanywa katika makundi yale matano, kwa hiyo kila moja lilibaki na watu wachache. Baadaye, utafiti mwingine wa Hispania, uliopima zote mbili pamoja, ulisimamishwa njiani: waliomeza kidonge kitupu ndio waliokuwa wakipata nafuu zaidi.

Chama cha madaktari wa yabisi Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kinashauri mazoezi na kupunguza uzito, na glukosamini kwa goti kinaikataa waziwazi. Ukiamua kununua hata hivyo, hela ni zako. Lakini kama mzee nyumbani anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari kwanza, maana ikichanganywa na glukosamini anaweza kuvuja damu.